Vijiji vya Kando ya Maziwa katika Milima ya Alpi: Jimbo la Kärnten

Leo tutatembea mbali kidogo. Fungua ramani ya Ulaya, utafute mji wa Venice katika Italia, kisha upandishe kidole chako kuelekea kaskazini, na mashariki kidogo, mpaka uingie katika nchi ya Austria. Hapo, kusini kabisa mwa Austria, pana jimbo liitwalo Kärnten, lililopakana na Italia na Slovenia. Mji wake mkuu ni Klagenfurt, wenye watu laki moja hivi, na mji wa pili ni Villach.

Mtu akisikia habari za Milima ya Alpi hufikiri theluji tu. Kweli theluji ipo. Kilele cha Grossglockner, ambacho ni kirefu kuliko vyote katika Austria, kimo mpakani mwa jimbo hili, na urefu wake ni mita 3,798. (Wewe uliyekwisha kuuona Kilimanjaro, wenye mita 5,895, usicheke, huko huo ni mlima mkubwa.) Lakini chini yake, mabondeni, watu huingia ziwani wakati wa kiangazi na kuogelea katika maji yenye joto la digrii 25 za sentigredi, na siku nyingine zaidi ya hapo. Ziwa la milimani, na maji yake ni ya vuguvugu! Jambo hilo ndilo lililojenga miji na vijiji tutakavyovizuru leo. Nalo ndilo lililokaribia kuviharibu.

Labda utauliza, maji hayo hupata wapi joto? Kwanza ni jua. Safu kubwa ya Alpi imesimama upande wa kaskazini kama ukuta wa nyumba, na mawingu mengi yatokayo kaskazini na magharibi humwaga mvua yake huko nje kabla ya kufika Kärnten. Pili, maziwa makubwa ya bondeni hayalishwi na mito mikubwa itokayo moja kwa moja kwenye barafu. Barafu ndiyo iliyoyachimba mashimo yake zamani za kale, lakini barafu hiyo ilikwisha kuyeyuka maelfu ya miaka iliyopita. Tatu, upepo ni mdogo, kwa sababu vilima vimeyazunguka maziwa pande zote.

Hiyo sababu ya tatu yataka maelezo. Fanya jaribio hili nyumbani. Jaza nusu bilauri ya maji baridi. Kisha mimina juu yake chai ya rangi iliyo moto, isiyo na sukari, polepole sana, ukiipitisha kwenye mgongo wa kijiko. Utaona chai inakaa juu na maji baridi yanabaki chini, kama watu wawili waliogombana. Maji ya moto ni mepesi. Maji baridi ni mazito, na huwa mazito kuliko wakati wote yanapofika digrii 4. Ukitaka yachanganyike sharti ukoroge. Sasa, katika ziwa mkorogaji ni upepo. Upepo ukiwa dhaifu, maji yaliyopashwa na jua hukaa juu, unene wa mita chache tu, na jua huendelea kuyapasha hayo hayo kila siku. Ukipiga mbizi katika ziwa la Wörthersee mwezi wa Agosti, miguu yako itatambua mara moja mahali ambapo joto linakoma.

Ziwa hilo la Wörthersee, ambalo ndilo kubwa katika Kärnten, lina kina cha mita 85 hivi, na maji yake ya chini kabisa hayachanganyiki na ya juu, hata majira ya baridi. Jambo hili si geni kwetu. Ziwa Tanganyika lina tabia hiyo hiyo: kina chake ni karibu mita 1,470, na maji ya vilindini, yasiyo na hewa ya kuvutwa na samaki, hukaa peke yake. Lakini fikiri matokeo yake. Ziwa lisilokorogwa ni kama mtungi usiosuguliwa. Kila uchafu unaotiwa ndani hukaa humo muda mrefu. Neno hili liweke akilini, maana tutalirudia tukifika Pörtschach.

Basi tuanze safari Klagenfurt. Katikati ya mji liko joka la jiwe, lililochongwa mnamo mwaka 1590, nalo linatema maji mdomoni. Wenyeji husimulia kwamba zamani mahali hapo palikuwa kinamasi, na ndani yake likakaa joka lililokula watu na ng'ombe, mpaka vijana wakalitegea ndoana kwa fahali. Na ushahidi wao walikuwa nao: mwaka 1335 walichimbua fuvu kubwa sana karibu na mji, wakalitundika kwenye jumba la baraza, na mchongaji akalitazama hilo alipochonga kichwa cha joka lake. Wataalamu wa baadaye walipolichunguza waliona kuwa ni fuvu la kifaru, yule kifaru wa manyoya aliyeishi Ulaya wakati wa barafu kuu. Naamini kama mwindaji mmoja wa kwetu angalipita Klagenfurt siku zile, angaliwaondolea hofu mapema.

Kutoka mjini mpaka ziwani ni kilomita 4, na upo mfereji unaokwenda moja kwa moja, uliochimbwa mwaka 1527. Waweza kutembea kandokando yake kwa miguu mpaka mwisho. Hapo mwisho utakuta ufuko wa kuogelea wa mji, mali ya umma, wenye magati marefu ya mbao yaingiayo majini. Utalipa kiingilio, lakini nakushauri uanze hapo, kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Karibu na hapo ipo bustani iitwayo Minimundus, iliyofunguliwa mwaka 1958, yenye mifano midogo ya majengo maarufu ya dunia. Watoto huipenda sana.

Sasa panda meli. Meli za abiria zilianza kusafiri katika Wörthersee mwaka 1853, na mpaka leo zinatoka Klagenfurt, zinapita vijiji vya kusini na kaskazini, na kuishia Velden upande wa magharibi. Urefu wa ziwa ni kilomita 16 na nusu hivi, na upana wake, hata mahali papana, haufiki kilomita 2. Kwa hiyo kutoka kwenye meli huona pande zote mbili. Barabara nayo ipo, lakini kwenye barabara mara nyingi utaona kuta na miti ya watu badala ya maji.

Kijiji ambacho nisingependa ukikose ni Maria Wörth. Neno "Wörth" katika Kijerumani cha zamani maana yake ni kisiwa, na ziwa zima limepata jina lake kutokana na kisiwa hicho. Karibu mwaka 875 wamisionari waliotumwa na askofu wa Freising, katika Ujerumani ya kusini, walijenga kanisa hapo ili kuwahubiria watu wa kabila la Waslavi waliokaa nchi hiyo. Leo ukishuka melini utakwenda kanisani kwa miguu mikavu, na utashangaa kisiwa kiko wapi. Katika karne ya 18 mto mdogo unaotoa maji ziwani ulizibuliwa, maji yakapungua kimo, na shingo ya ardhi ikajitokeza. Kisiwa kikawa rasi. Makanisa ni mawili, kubwa na dogo, na lile dogo lina picha zilizochorwa ukutani katika karne ya 12. Nenda asubuhi, kabla ya maharusi; maana watu wa mbali hupenda kuja kufungia ndoa zao hapo, na siku ya Jumamosi wakati wa kiangazi huenda usipate mahali pa kusimama.

Nyuma ya kijiji unapanda mlima Pyramidenkogel, mita 851, na juu yake umesimama mnara wa mbao na chuma wenye urefu wa mita 100, uliofunguliwa mwaka 2013. Kutoka juu utaona ziwa lote, na kusini yake safu ya Karawanken, ambayo nyuma yake ni Slovenia.

Wanamuziki waliipenda nchi hii mno. Mtunzi Gustav Mahler alijenga nyumba Maiernigg, ufuko wa kusini, na ndani ya msitu akajijengea kibanda kidogo cha matofali kwa kazi peke yake. Tangu mwaka 1900 mpaka 1907 alikuwa akija kila kiangazi. Mwaka huo wa 1907 binti yake mkubwa alifariki hapo kwa ugonjwa, naye Mahler hakurudi tena. Kibanda kipo bado, na waweza kuingia. Ng'ambo yake, ufuko wa kaskazini, kiko kijiji cha Pörtschach, ambako Johannes Brahms alikaa majira ya kiangazi ya mwaka 1877, 1878 na 1879, akatunga humo baadhi ya nyimbo zake kubwa za ala.

Brahms alifikaje Pörtschach? Kwa gari la moshi. Reli ilifika Klagenfurt mwaka 1863 na Villach mwaka 1864, ikipita ukingoni kabisa mwa ziwa. Kabla ya hapo Pörtschach kilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima. Baada ya reli matajiri wa Vienna walianza kuja, wakajenga majumba yenye roshani za mbao na vibanda vya mashua. Mwaka 1909 reli nyingine ilifunguliwa kupitia chini ya milima ya Tauern, nayo ikawaleta watu wa Ujerumani. Baada ya vita vikuu vya pili, mtu wa kawaida naye akapata likizo yenye mshahara, akapata na motokaa, akaja pamoja na mke na watoto.

Hapa ndipo tatizo lilipozidi. Hoteli na nyumba zote zilikuwa na vyoo, mabafu na majiko, na maji yake machafu yalikwenda wapi? Yalikwenda ardhini na mitoni, na mwisho wake yote yaliingia ziwani. Uchafu huo una chumvi iitwayo fosfati, ambayo kwa mimea ya majini ni kama samadi kwa mahindi. Ikaota miani, mimea midogo mno isiyoonekana mmoja mmoja, lakini ikiwa mingi hugeuza rangi ya maji. Aina moja ilikuwa nyekundu kama mvinyo. Miani ikifa huzama na kuoza, na kuoza huko hula hewa iliyo ndani ya maji. Nawe wakumbuka bilauri yetu: ziwa hili halikorogwi sawasawa, na maji yake huchukua karibu miaka kumi kubadilika yote. Mwenye hoteli aliyetega uchumi wake juu ya maji safi akaanza kuuza maji machafu.

Waliponaje? Dawa ya kwanza inayokuja akilini ni kila kijiji kujenga mtambo wake wa kusafisha maji machafu na kuyarudisha ziwani. Lakini maji yaliyosafishwa, kwa mitambo ya siku zile, yalibaki na fosfati nyingi. Basi kuanzia miaka ya 1960 walishika njia nyingine, ya gharama kubwa zaidi. Walitandaza mabomba ya kulizunguka ziwa kama mkufu shingoni, kila nyumba ikaunganishwa, na maji yote machafu yakasukumwa kwa pampu mpaka kwenye mitambo. Baada ya kusafishwa huachiliwa katika mto ulio chini ya ziwa. Hakuna kinachorudi. Vijiji ambavyo zamani vilishindana kugombea wageni vilipaswa kuungana katika chama kimoja na kuchanga fedha, kwa kuwa bomba likikatika kwenye kijiji kimoja, kazi ya wote imekwisha. Maziwa mengine ya Kärnten nayo yakafanyiwa hivyo. Kazi ilichukua miaka mingi, na ziwa lilichukua miaka mingi zaidi kupona. Siku hizi maji ni safi, na waogeleaji wengi wanaoingia humo hawajui kwamba bomba lipo chini ya barabara waliyopita.

Mwisho wa ziwa ni Velden, penye ngome ya kale iliyogeuzwa hoteli, na nyumba ya kuchezea kamari. Ni mji wa kujionyesha, na bei zake ni za kujionyesha vile vile. Kunywa kahawa moja, utazame watu, kisha urudi melini. Lakini hapo Velden utaona vizuri lile jambo nililosema nitalieleza. Sehemu kubwa ya ufuko wa Wörthersee ni mali ya watu binafsi: nyumba, ua, hoteli, mlango umefungwa. Maji yaliokolewa kwa fedha za wote, lakini njia ya kuyafikia si ya wote. Ndiyo maana ufuko wa umma wa Klagenfurt na fuko ndogo za vijiji ni mali kubwa kwa wenyeji, na ndiyo maana ardhi ya ufukoni huleta magomvi mpaka leo katika mabaraza ya vijiji. Kwa maoni yangu swali hili ni gumu kuliko lile la mabomba, kwa kuwa hapa hakuna fundi wa kumwita.

Ukisikia njaa, uliza chakula kiitwacho Kasnudel. Ni kifuko cha unga wa ngano, mfano wa sambusa iliyochemshwa badala ya kukaangwa, na ndani yake mna jibini laini, viazi na majani ya nanaa. Ukingo wake hukunjwa kwa vidole kama msuko wa ukili. Wazee wa huko husema msichana asiyejua kukunja ukingo huo hapati mume. Wasichana wa siku hizi hawaonekani kushtuka.

Tukienda kusini na mashariki tutakuta vijiji vyenye majina mawili. Ziwa Faaker See huitwa pia Baško jezero. Ziwa Klopeiner See, dogo na lenye joto kuliko mengi, huitwa Klopinjsko jezero. Jina la kwanza ni Kijerumani, la pili ni Kislovenia, lugha ya watu waliokaa hapo tangu kabla ya kanisa la Maria Wörth. Tarehe 10 Oktoba 1920 watu wa kusini mwa Kärnten walipiga kura kuchagua nchi yao, na wengi, pamoja na Waslovenia wengi, walichagua Austria. Mkataba wa mwaka 1955 uliwaahidi Waslovenia haki ya vibao vya barabarani vyenye lugha mbili. Vilipowekwa mwaka 1972, vilikuja kung'olewa na makundi ya watu waliokasirika. Ilichukua mpaka mwaka 2011 kupata sheria iliyokubaliwa, nayo imetaja vijiji 164. Kwa hiyo ukipita ukaona kibao chenye majina mawili, usidhani ni pambo la watalii. Salimu kwa "Grüß Gott" ukisikia Kijerumani, na "Dober dan" ukisikia Kislovenia. Hata ukikosea matamshi utajibiwa kwa furaha.

Kaskazini ya Villach liko ziwa Ossiacher See. Katika kijiji cha Ossiach ilikuwako nyumba ya watawa, na hadithi yasema kwamba mfalme Bolesław wa Poland, baada ya kumwua askofu wake mwaka 1079, alikimbilia hapo akajifanya bubu, akafanya kazi ya utumishi jikoni miaka mingi, na hakusema yeye ni nani mpaka saa ya kufa. Wanahistoria hawana hakika, lakini kaburi huonyeshwa. Mbele zaidi, upande wa magharibi, ni Millstätter See, lenye kina kuliko yote, mita 141, na kanisa zuri la kale katika mji wa Millstatt.

Msimu mzuri wa kwenda ni Juni mpaka mwanzo wa Septemba. Usidanganywe na sifa za jua ukaenda Novemba: baridi hushuka ikajaa bondeni, na Klagenfurt hufunikwa na ukungu siku nyingi, wakati juu milimani jua linawaka. Mtu wa Tanzania, Kenya au Uganda atahitaji viza ya Schengen, na hiyo hiyo itamfaa kuvuka kuingia Italia na Slovenia. Alasiri za kiangazi radi huja upesi kutoka milimani. Ufukoni kuna taa za rangi ya machungwa; zikianza kumulika jihadhari, na zikimulika haraka-haraka toka majini mara moja, uiache na mashua.

Limebaki ziwa moja, Weissensee, lililo mita 930 juu ya usawa wa bahari. Hakuna barabara ya kulizunguka; barabara hufika mahali ikakoma, na sehemu kubwa ya ufuko haina nyumba hata moja, ni msitu unaoingia majini. Anayetaka kuufuata ufuko mpaka upande wa mashariki huenda kwa miguu au kwa meli. Wakati wa baridi ziwa huganda, na tangu mwaka 1989 Waholanzi huja kwa maelfu kushindana mbio za viatu vya chuma juu ya barafu, kilomita 200, kwa kuwa mifereji ya kwao haigandi tena vya kutosha. Mbio zao kubwa za nyumbani zilifanyika mara ya mwisho mwaka 1997. Kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kukanyaga, mabingwa wa barafu hutoka asubuhi, hutoboa mashimo hapa na pale, na kupima unene wake. Wageni husubiri ufukoni, viatu mkononi, mpaka wapewe ruhusa.

Ramani yako usiikunje. Juma lijalo, saa ile ile, tutaanzia Villach na kuufuata mto Drau mpaka unapoingia katika mto Danube. Kwaherini.